Stroud ameshuka au ameangushwa? Namna ya kumpima kwotabeki kijana

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi Houston na ni shabiki wa Texans, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani katika ligi ya NFL. C.J. Stroud, kwotabeki wetu, yaani anayeongoza mashambulizi na kupiga pasi, ametuchanganya: msimu wa 2023 alikuja moto, 2024 akawa kama mtu mwingine. Kijiweni kwetu wengine wanasema wapinzani wameshamsoma, wengine wanalaumu safu inayomkinga. Ninyi mnaochambua video za mechi, mnatenganishaje kosa la kijana na kosa la timu? Na kwotabeki wa umri ule anakuzwaje?

Jibu: Ndugu yangu, takwimu zenyewe zinaanza kukujibu. Mwaka 2023 Stroud alicheza mechi 15, akapiga pasi za jumla ya yadi 4,108 na tachidauni 23 (pasi zilizofika eneo la mwisho la wapinzani na kuleta pointi), na pasi 5 tu zikanaswa na wapinzani. Mwaka 2024 alicheza mechi 17: yadi 3,727, tachidauni 20, pasi 12 zikanaswa. Lakini angalia asilimia ya pasi zilizofika: 63.9, kisha 63.2. Hapo karibu hakuna tofauti. Kilichopanda ni idadi ya mara alizoangushwa na mpira ukiwa bado mkononi, kutoka 38 hadi 52. Mimi huanza kuchimba hapo, kwa sababu ndipo makosa ya kijana na ya wenzake yanapochanganyika zaidi.

Watu wengi humbebesha mkingaji kila anguko. Si haki. Mkingaji akipitwa, hilo ni lake. Lakini tangu presha ifike hadi kwotabeki alale chini kuna muda mfupi ambao ni wa kwotabeki mwenyewe: autupe mpira nje, ampe mpokeaji wa karibu, apande mbele hatua moja, au aung'ang'anie. Ndiyo maana wengi wanaoangushwa sana huhama na tabia hiyo hata wakienda timu nyingine.

Sasa, jinsi ya kuona. Tafuta video ya makocha, ile inayopigwa kutoka juu ikionyesha wachezaji wote 22. Mashabiki huipata kwa kulipia huduma ya NFL+. Mara ya kwanza usiutazame mpira, tazama miguu. Kila mchezo uliopangwa, yaani kila jaribio moja la kushambulia, una hatua zake za kurudi nyuma: 3 kwa pasi za haraka, 5 kwa za kati, 7 kwa za mbali. Akiwa amesimama mbali na senta, yule anayempa mpira kuanza mchezo, kama timu nyingi zinavyocheza leo, hatua hupungua lakini hesabu ni ileile. Mguu wa nyuma unapokita, mpokeaji wa kwanza anatakiwa awe ndiyo anageuka. Yuko wazi? Mpira uondoke. Amebanwa? Kihatua kidogo mbele, macho kwa wa pili. Kihatua kingine, wa tatu. Miguu ndiyo saa yake.

Chukua dauni za tatu za mechi moja (timu ina dauni nne, yaani majaribio manne, kusonga yadi 10), zile zinazohitaji yadi 7 na zaidi, uzitazame mfululizo. Mguu umekita, mpokeaji kageuka yuko peke yake, na mpira bado uko kifuani: andika kwa kwotabeki. Hajamaliza hatua zake na mtu ameshamfikia usoni: andika kwa wakingaji, isipokuwa kama kabla ya mchezo kuanza alishindwa kuwaelekeza wakingaji wake mahali shambulio litakapotokea, maana kazi hiyo mara nyingi ni yake pia. Mguu umekita na wapokeaji wawili wamejikuta sehemu moja: kuna aliyekosea njia, au aliyepanga mchezo hakuupanga vizuri.

Dalili inayonitia hofu kuliko pasi iliyonaswa ni macho kushuka. Kijana aliyepigwa sana huacha kuwatazama wapokeaji, akaanza kuwatazama wanaomjia. Kwenye video utaiona kofia ikiinama, wakati mwingine hata kabla hajaguswa. Miguu nayo huharibika: badala ya kupanda mbele, anarudi nyuma zaidi. Hapo mkingaji wa pembeni, ambaye alifanya kazi yake sawasawa kwa kumsukuma adui azunguke kwa nyuma, anajikuta amempeleka moja kwa moja kwa mwenye mpira. Kwenye runinga utalaumu mkingaji, kumbe kosa limeanzia miguuni kwa kwotabeki.

Na Houston mnalijua jeraha hili. Texans walipoanza mwaka 2002 walimchagua kwotabeki David Carr wa kwanza kabisa kwenye drafti, uteuzi wa wachezaji wapya, akaangushwa mara 76 msimu huohuo, rekodi ya NFL. Mwaka 2005 akaangushwa mara 68. Hakuna mazoezi yanayomponya kijana katika hali hiyo, na siwezi kuwasamehe viongozi wanaomwingiza mtu uwanjani bila kumjengea safu kwanza.

Kuhusu Stroud, maoni yangu ni kwamba sehemu kubwa ya msimu wa 2024 haikuwa yake. Wapokeaji wake waliumia: Nico Collins alikosa mechi 5 kwa jeraha la msuli wa paja, Stefon Diggs akaumia goti Oktoba, Tank Dell akaumia goti Desemba. Safu ya mbele ilipitwa ovyo. Lakini sehemu yake ipo: mara nyingi alisubiri pasi kubwa wakati ya yadi 5 ilikuwa wazi. Kipaji sikitilii shaka. Novemba 2023 dhidi ya Tampa Bay, nyuma kwa 37-33 zikiwa zimebaki sekunde 46, aliipeleka timu yadi 75 kwa michezo 6, akamalizia kwa Dell zikisalia sekunde 6. Siku hiyo alifikisha yadi 470, nyingi kuliko mgeni yeyote wa ligi katika mechi moja.

Swali lako la kukuza nalijibu kwa mtu mmoja: kwotabeki Jared Goff. Mwaka 2016 akiwa na Rams alianza mechi 7, akapoteza zote. Mwaka uliofuata akaja kocha Sean McVay, na kijana yuleyule akapiga tachidauni 28 huku pasi 7 tu zikinaswa. Redio ya kwenye kofia ya kwotabeki, ambayo kocha humsemea, hukatwa zikibaki sekunde 15 kwenye saa inayohesabu muda wa kuanza kila mchezo. McVay aliharakisha timu ipange mstari mapema, ili aendelee kuzungumza na Goff wakati mabeki wameshajipanga. Alimpunguzia mzigo wa kusoma hadi kijana alipokomaa.

Josh Allen wa Buffalo naye alifikisha pasi kwa asilimia 52.8 mwaka 2018, kisha 58.8, kisha 69.2 mwaka 2020. Miaka yote hiyo mpangaji wa mashambulizi alikuwa mmoja, Brian Daboll, na mwaka 2020 Allen akaongezewa mpokeaji Diggs, yuleyule aliyekuja Houston baadaye. Uthabiti huo Stroud hakuupata: Bobby Slowik, mpangaji wa mashambulizi wa Texans, alifukuzwa Januari 2025, nafasi ikaenda kwa Nick Caley kutoka Rams, na Machi Laremy Tunsil, mkingaji wake wa upande wa kushoto, akapelekwa Washington. Mwaka huo kijana ilibidi ajifunze upya majina ya michezo na hesabu ya hatua, na sheria za ligi hazikuruhusu makocha kumfundisha kabla ya Aprili.

Kwa hiyo msimu mpya ukianza, acha tachidauni. Chukua mara alizoangushwa, gawanya kwa jumla ya pasi alizopiga pamoja na hizo za kuangushwa. Mwaka 2023 ilikuwa karibu asilimia 7, mwaka 2024 karibu 9. Ipige hesabu hiyo baada ya mechi 4 za kwanza, na katika mechi hizohizo itazame kofia yake kwenye dauni ya tatu.