Ukienda kujaribu kifaa chako kijijini, nenda na mkasi wa bati

Vijana wengi wanaoniandikia wana kifaa tayari. Kimeshapakwa rangi, kina nembo, na wakati mwingine hata bei imepangwa. Wanachoomba ni kijiji cha kukifanyia majaribio. Huwa nawauliza: wanakijiji wakitaka kibadilishwe, nani atakibadilisha, na kwa fedha ipi? Wengi hunyamaza. Kama hakuna wa kukibadilisha, basi unakwenda kufanya maonyesho, na heri uyafanye Sabasaba ambako watu wamekuja kutazama.

Mimi nimeshughulika na majiko banifu, yale yanayotumia kuni chache, miaka kadhaa, zaidi Dodoma na Singida. Jambo la kwanza utakalokutana nalo huko ni adabu. Ukimuuliza mama aliyepewa jiko bure kama limemfaa, atakwambia limemfaa sana, Mungu awabariki. Aseme nini kingine? Umetoka mbali, umekuja na gari, na mwenyekiti wa kitongoji amekaa pembeni anasikiliza. Majibu hayo hujaza fomu vizuri kabisa. Mwenzangu, angalia majivu. Ukiingia jikoni saa tano asubuhi ukakuta jiko la mradi limefutwa linang'aa, na katikati ya mafiga majivu bado yana moto, umeshajibiwa. Fomu rudisha mkobani, omba kigoda, saidia kuchambua mlenda.

Bibi mmoja niliyemsalimia shikamoo aliniitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, jiko lenu zuri, kuni halili. Ila ugali haulitaki." Nikamwomba apike nione. Alikuwa na sufuria kubwa ya familia nzima na unga wa uwele, na ugali wa uwele ni mzito, unadai mabega. Mwiko ulipozama, sufuria ikaanza kuzunguka pamoja na ugali, na jiko lenyewe likanyanyuka upande mmoja. Akamwita mjukuu aje akandamize sufuria kwa vijiti viwili. Mtoto analia moshi, bibi anasonga, mimi natazama tu. Kwenye mafiga kazi ya kushika sufuria hufanywa na mawe yenyewe, maana yamezama ardhini. Halafu kuna suala la kuni: mlango wa jiko ulitaka kuni zilizopasuliwa vijitivijiti, na shoka la nyumba hiyo lilikuwa na mzee, naye mzee alikuwa mnadani.

Maabara hazikuwahi kuliona hilo kwa sababu kipimo kilichozoeleka huko ni kuchemsha maji: kuni kiasi gani, dakika ngapi. Maji hayasongwi.

Ndiyo maana nasisitiza uende na mtu wa kukata na kuunga papo hapo, na awe fundi bati wa kijiji hichohicho. Fundi wa mjini atakuchorea suluhisho na kuondoka nalo. Yule wa kijijini tuliyekuwa naye hakuchora kitu. Alimtazama bibi akipika, akaenda kwake, akarudi na pete ya nondo yenye vinundu vitatu vya kubana sufuria na miguu mirefu ya kuchimbia ardhini. Tukaipachika juu ya jiko, bibi akasonga tena, tena kwa ukali, kama anayetaka kulikomesha. Pete ilipinda mguu mmoja. Fundi akairudisha kwake ikaongezwa nondo nene. Hayo yote bila kusubiri idhini ya mtu wa makao makuu, kwa sababu tulitenga fungu la marekebisho tangu bajeti ya kwanza. Kama mfadhili wako hataki kuliona fungu hilo, pigania hapo kabla ya kupigania kitu kingine chochote.

Mfano mkubwa wa jambo hili upo Kenya, na wengi mnautumia kila siku. Oktoba 2005 Vodafone na Safaricom walianza kujaribu huduma ya fedha kwa simu, M-Pesa, pamoja na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, kwa wateja wasiofika 500 wa Nairobi na Thika. Lengo lilikuwa mteja apokee mkopo na kurejesha kwa simu. Wateja wakaanza mambo yao. Wengine waliweka fedha kwa wakala kabla ya safari wakazitoa walikofika, ili wasitembee na noti mfukoni. Wafanyabiashara wakalipana wenyewe kwa wenyewe. Wapo waliomlipia mwenzao rejesho naye akawatendea kitu kingine. Upande wa mikopo, ambao ndio uliokuwa sababu ya yote, ulileta ugumu wa hesabu ofisini. Kama mafanikio yangepimwa kwa marejesho peke yake, pengine ripoti ingefungwa kabatini. Waliokuwa wakisimamia waliwatazama watu wanavyotumia, na M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ujumbe wake ulikuwa kutuma fedha nyumbani. Mkopo ulikuwa umewekwa kando.

Ulaya kazi hii ya kujaribu vitu pamoja na watumiaji, mahali wanapoishi, ina mtandao wake kabisa, ENoLL, tangu 2006. Sehemu za majaribio hayo wao huziita maabara hai. Yapo ya kujifunza kwao, ingawa huko mara nyingi manispaa yenyewe imo ndani. Huku kwetu utaanza na kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha mkoa, kisha wilaya, ndipo kata na kijiji. Zipangie muda barua hizo, basi.

Kuhusu kuchagua kaya: ukimwachia mwenyekiti orodha, utapata shemeji zake na wajumbe wake, na si kwa ubaya, hao ndio anaowaamini hawatamwaibisha mbele ya mgeni. Mimi huomba pia mama ntilie wawili watatu. Wanapika kutwa, wanajua bei ya kila fungu la kuni, na kitu kikiwapotezea wateja watakurushia siku hiyohiyo.

Posho ni mtego. Mlipe mtu muda wake na unga alioupika mbele yako, lakini usimlipe kwa kukitumia kifaa. Posho ikishafungamana na kifaa, hutajua kipi kinapendwa mpaka siku posho inapokatika.

La mwisho ni la fundi. Kabla hajakata bati la kwanza, andikeni mbele ya mtendaji wa kijiji nani atakuwa na haki ya kutengeneza kile mtakachokigundua pamoja, na jina la nani litatajwa. Miradi mingi huondoka na wazo la fundi ikamwachia fulana. Wa kwetu hakudai makubwa, alitaka tu asizuiwe kuuza pete zake kwa watu wa nje ya mradi. Tukaandika, akasaini, nasi tukasaini. Sasa anaziuza mnadani, na wateja wake wengi hawana jiko letu wala hawalitaki. Wanazitumia kwa majiko ya mkaa.