Flashi inachelewa kujaa: wasomaji wauliza kuhusu betri za kuchaji

SWALI: Ndugu mhariri, ninapiga picha za harusi hapa Morogoro, na flashi yangu hutumia betri 4 za AA. Betri za kutupa zilikuwa zinanimalizia faida, nikaamua kununua za kuchaji zilizoandikwa miliampea-saa 4000 (kipimo cha umeme ambao betri huweza kuhifadhi), pamoja na chaja ndogo iliyouzwa nazo. Cha ajabu, ikifika saa ya kukata keki, taa ya utayari ya flashi huchukua sekunde nyingi kuwaka, na maharusi hawarudii kulishana keki kwa sababu yangu. Je, nitafute betri zenye namba kubwa zaidi? Na je, kuna ubaya kuziacha kwenye chaja usiku kucha?

JIBU: Usitafute namba kubwa zaidi, kwa sababu hata hiyo uliyonayo si ya kweli. Betri ya AA ya aina inayoandikwa NiMH, yaani ya nikeli na metali haidraidi, haifiki mbali zaidi ya miliampea-saa 2700 au 2800 hata ikitengenezwa na kiwanda bora. Anayeandika 4000 anauza wino. Ukiwa na mizani ndogo ya jikoni, ipime: betri nzuri ya aina hiyo huwa na gramu 26 hivi au zaidi, na ile nyepesi mno mara nyingi haina ndani yake kile ulicholipia.

Flashi haimuliki moja kwa moja kutoka kwenye betri. Betri huijaza kapasita, yaani kifaa kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, ambayo hufikia volti 300 hivi, kisha kapasita hiyo humwaga umeme wote kwa kufumba na kufumbua, na kazi ya kuijaza huanza upya. Kwa hiyo kinachoamua kasi ya flashi yako si wingi wa umeme uliohifadhiwa tu, bali pia wepesi wa betri kutoa mkondo mkubwa kwa mkupuo, jambo linalotegemea ukinzani wake wa ndani, yaani kiasi ambacho betri yenyewe huzuia mkondo usipite. Ndiyo maana betri ya NiMH yenye volti 1.2 huishinda katika flashi betri ya kutupa ya alkalini yenye volti 1.5: ile ya alkalini, ikidaiwa mkondo mkubwa, volti zake hushuka mara moja, ilhali ya NiMH hubaki imara mpaka inapokaribia kwisha.

Ushauri wangu ni kununua betri za miliampea-saa 2000 hivi zisizopoteza chaji zikiwa kabatini. Sanyo ilianza kuuza za namna hiyo mwaka 2005 kwa jina la Eneloop, ambazo leo ni za Panasonic, na kampuni nyingine nazo zimefuata. Betri za NiMH za zamani huweza kupoteza robo ya chaji kwa mwezi mmoja tu, lakini hizi hubaki na sehemu kubwa hata baada ya mwaka. Zipo pia za miliampea-saa 2500, ila huchakaa baada ya kuchajiwa mara chache zaidi. Mimi kwa harusi ningechukua seti 3 za zile za 2000 kuliko seti 2 za hizo.

Sasa chaja, na hapa ndipo ninapodhani betri zako zimeharibikia. Chaja za bei ndogo hazijui betri imejaa lini. Nyingine huhesabu saa tu, na umeme ukikatika kisha ukarudi, huanza kuhesabu upya kana kwamba betri ni tupu. Chaja yenye mkondo mdogo sana, kama miliampea 200, inaweza kuachwa usiku kucha bila madhara makubwa, kwani betri ya 2000 huhitaji kama saa 14 hadi 16 ijae. Yenye mkondo mkubwa isiyojua kujizima huipika betri, nayo betri iliyopikwa ukinzani wake hupanda na flashi huanza kusuasua kama yako. Tafuta chaja inayoangalia kila betri peke yake na kujizima yenyewe, yenye mkondo wa miliampea 500 hadi 1000. Betri kuwa vuguvugu mwishoni ni kawaida. Zikiwa za moto kiasi cha kutoshikika, zitoe.

Jambo linalosahaulika sana ni kwamba betri 4 ndani ya flashi hufanya kazi kwa mfuatano, hivyo iliyo dhaifu ikiisha mapema, zile 3 huendelea kuusukuma mkondo kupitia kwake mpaka ncha zake zinageuka, na hapo imekufa. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito A1 hadi A4, B1 hadi B4, uzichaji pamoja na uzitumie pamoja. Wala usingoje ziishe kabisa ndipo uchaji. Desturi hiyo ilikuwa ya betri za zamani za nikeli na kadimi.

SWALI: Nimeona betri za lithiamu zenye umbo lile lile la AA, zimeandikwa volti 3.7. Je, zitaipa flashi yangu nguvu zaidi?

JIBU: Zitaiunguza. Betri 4 za namna hiyo zikiwa zimejaa hutoa karibu volti 17, wakati flashi yako imeundwa kupokea 6 hivi. Zipo nyingine za lithiamu zilizowekewa saketi ya kushusha volti hadi 1.5, ambazo umbo na volti zake zinakubalika, lakini saketi hiyo mara nyingi huzuia mkondo mkubwa wa ghafla ambao flashi inauhitaji. Ukitaka lithiamu, nunua flashi iliyoundwa na pakiti yake maalumu ya lithiamu. Hiyo hujaa upesi kuliko yoyote ya AA, ila pakiti ikiisha ukumbini huwezi kukimbilia duka la jirani.