Timu tatu za mbele ni dau moja, mkuu usiweke hiyo hela

Mkuu acha kwanza. Usiweke. Nilikuwa nasoma uzi wako taratibu huku nakula, nikafika pale ulipoandika "nitaigawa kwa Uswidi, Norwei na Uswisi, wote wakali, mmoja lazima aingie", chakula kikanishinda. Hiyo sentensi naijua. Niliambiwa hivyohivyo na mtu mwingine kabisa, na ilinila hela ya mabati.

Kwa wadau wanaoingia sasa hivi: mleta uzi yuko Uswidi, kazini kwao wanapenda orienteringi, zile mbio za kukimbia msituni na ramani na dira unatafuta vibendera vya rangi ya machungwa na nyeupe kimoja baada ya kingine. Anataka kubeti timu za taifa kwenye stafeti ya mashindano ya dunia ya msituni, yani mbio za kupokezana, timu moja watu watatu, kila mtu kipande chake. Kauliza kampuni gani inalipa bila longolongo, ushindi unakatwa kodi au haukatwi, viwango vya dunia vinasaidia kuchagua timu au ni mapambo, na stafeti ya msituni ina tofauti gani na ile ya mjini. Alafu chini kabisa, kama kitu kidogo tu, kasema hela yenyewe ni depositi ya chumba. Depositi ya chumba mkuu! Tena huko ambako chumba chenyewe kukipata ni shughuli.

Sasa sikia ya Miskolc.

Agosti 2009, mashindano ya dunia yako Hungaria, mji unaitwa Miskolc. Mi nilikuwa hukohuko Uswidi nabeba boksi, na nikisema boksi namaanisha boksi kweli, ghalani, zile za kupanga kwenye paleti. Pale ghalani kulikuwa na jamaa mmoja, jina silitaji, aliwahi kukimbia klabu enzi za ujana wake na hakumruhusu mtu asahau. Huyo ndo alikuwa anashika madau ya kazini. Anaandika odi, yani hela yako inazidishwa mara ngapi ukishinda, kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi, anaibandika kwenye friji ya chumba cha chai, hela unampa mkononi anatia kwenye bahasha. Hakuna risiti, hakuna nini. Tulimwita profesa.

Profesa akaniita pembeni siku moja, akaniambia wewe kijana naona una akili, ngoja nikupe siri. Siri yenyewe ikaanzia mwaka uliotangulia, 2008, Olomouc kule Jamhuri ya Cheki. Stafeti ya wanaume Ufaransa wanaongoza, kipande cha mwisho kashika Thierry Gueorgiou, ambaye kwa wasiomjua ni mtu mbaya kabisa kwenye huu mchezo, bingwa wa dunia wa masafa ya kati kwa miaka kibao. Kawaacha wenzake huko nyuma, dhahabu anaiona. Alafu nyuki. Nyuki mkuu, sio utani, kamuuma kooni katikati ya mbio, hali ikawa mbaya ikabidi aachie hapohapo, Uingereza wakapita wakabeba dhahabu.

Hoja ya profesa sasa: nyuki hawezi kuja mara mbili. Ufaransa wana deni na dunia, mwaka huu lazima walipwe. "Ila kama unaogopa," akasema, na hapa ndo aliponimaliza, "gawa. Weka Ufaransa, weka Uswidi, weka Norwei. Hao watatu mmoja lazima aingie." Kwenye friji Ufaransa walikuwa 3.00, Uswidi 3.50, Norwei 4.50. Mi nikaona hapa nimekutana na msomi.

Nilikuwa na kroni elfu tisa. Hela ya kuezeka nyumba ya mama kule Korogwe, kuta zimesimama, fundi keshapiga kenchi, anasubiri bati tu. Nikagawa elfu tatu, elfu tatu, elfu tatu. Nikajiona mjanja kweli, eti nimejikinga pande zote.

Hebu piga hesabu na wewe uone ujinga ulivyo mtamu. Ufaransa wakishinda narudishiwa elfu tisa, yani hela yangu ileile imeenda kutembea ikarudi. Uswidi wakishinda faida elfu moja na mia tano. Norwei wakishinda, ambao ndo nafasi ndogo kuliko wote, elfu nne na mia tano. Kwa hiyo naweka rehani elfu tisa, na mambo yakininyookea kuliko yalivyowahi kumnyookea binadamu yeyote napata nusu ya nilichoweka. Mtoto wa darasa la tano angeniuliza mjomba umekula? Na hapo bado sijagusa kwamba kuna timu nyingine kibao uwanjani ambazo sijaziwekea hata senti.

Siku ya siku tumekaa chumba cha chai, laptop moja watu wengi, matokeo yanaingia kituo kwa kituo, yani kila wanapopita kibendera. Kipande cha mwisho. Mbele wako pamoja: Gueorgiou wa Ufaransa, Martin Johansson wa Uswidi, Anders Nordberg wa Norwei, na Michal Smola wa Cheki. Soma tena hayo majina. Timu zangu ZOTE TATU ziko mbele. Aisee nilianza kuchagua rangi ya bati, nikawa nabishana na nafsi yangu kati ya kijani na maruni.

Kituo kinachofuata, kimya.

Majina hayatokei. Nikabonyeza upya, hamna. Nikalaumu intaneti. Nikambadilikia mzee mmoja aliyekuwa anachemsha maji, kwamba birika lake linavuta umeme wote, mzee wa watu hata hajui tunaangalia nini. Kubonyeza tena, majina yameanza kuja, ila sio yale. Anakuja Mswisi.

Kumbe Johansson kachomwa na kijiti. Kamti ka msituni kamemwingia pajani, kina cha sentimita kama 12, damu inatoka vibaya. Na wale wenzake watatu waliokuwa naye mbele wakasimama. Wote watatu, Gueorgiou, Nordberg na Smola. Medali ya dunia iko mbele yao wakaiacha hapohapo, wakashughulika na damu, wakatafuta msaada, na mbio wakaja kuzimaliza huko nyuma kabisa wakiwa pamoja. Nisieleweke vibaya, walifanya la utu, ningekuwa mimi ndo nimelala pale ningeomba wapite watu wa namna hiyo. Kwa mara ya kwanza nikawa nalia na huku napiga makofi. Dhahabu wakachukua Uswisi: Baptiste Rollier, Daniel Hubmann na Matthias Merz.

Hizi tunaziita mbio za kupokezana vijiti, na hawa wa orienteringi hata kijiti hawana, wanagusana mkono tu mwenzio anachukua ramani yake anaingia msituni. Kijiti pekee cha siku ile ndo kikachana mkeka wangu, kona zote tatu.

Na profesa? Hakuna mtu hata mmoja pale ghalani aliyekuwa ameweka Uswisi, kwa sababu kila mtu alikuwa ameitwa pembeni na kupewa siri. Kila mtu! Mpaka yule dada wa usafi alikuwa na "wakubwa watatu" wake. Bahasha nzima ikabaki kwake. Nilipomfuata akanipiga bega akasema ndo michezo ilivyo kijana, mwakani tena. Mtu mwenyewe amekimbia stafeti ujana wake wote, anajua fika wale wa mbele wanakimbia kwa kundi, na bado ananiambia nigawe kwa hao hao wa kundi moja! Mpaka leo nikiona kalamu nyekundu napata hasira. Anayeshika dau lako hawezi kuwa huyohuyo anayekushauri uweke wapi, hilo hata shangazi yangu asiyejua mpira angelijua, ila mimi niliyeenda shule sikulijua. Mama nilimwambia benki inasumbua. Akasema hizo benki za wazungu mwanangu, pole. Ndo kitu kiliniuma kuliko zile elfu tisa.

Kwa hiyo mkuu shika hii moja, mengine yote hata ukisahau sawa: kwenye stafeti ya msituni timu tatu za mbele ni dau moja, sio matatu. Ukigawa hujajikinga, umerudia kosa moja mara tatu.

Ngoja nieleze kwa nini, usije ukasema jamaa ana kinyongo na kijiti. Mbio za mtu mmoja mmoja, masafa marefu kwa mfano, wanaachiwa mmoja mmoja kwa kupishana dakika. Kila mtu na balaa lake. Huyu akipotea haimgusi yule. Stafeti wanaondoka wote kwa mkupuo kipande cha kwanza, na wakali wanabaki wamebanana mpaka mwisho, kwa sababu hakuna anayetaka kuachwa asome ramani peke yake huku wenzie wanasaidiana macho. Aliye mbele akikata kushoto badala ya kulia, kundi zima linaenda naye kushoto, na timu iliyokuwa imeachwa huko nyuma inapita kimyakimya. Sio lazima mtu aumie. Kosa la mtu mmoja linatosha kuwazika wote uliowawekea.

Na waandaaji wanajua watu watafuatana, ndo maana wanachanganya vituo. Ramani yako inakupeleka kituo kilicho kwenye jiwe, ya mwenzio inampeleka kwenye kishimo cha jirani, na mwisho wa siku kila timu kwa jumla inakuwa imekimbia vipande vilevile, ila kwa mpangilio tofauti. Kila kituo kina namba. Umechoka, jasho machoni, unamfuata mwenzio unagonga chipu, kile kidude cha kurekodi kwamba umefika, kwenye namba yake badala ya yako. Hawakuongezei dakika wala hawakupi onyo, timu nzima nje. Watu wawili wamekimbia vizuri kabisa kabla yako, na wote hawana matokeo kwa sababu ya namba moja. Sasa timu tatu ni watu tisa, wote tisa wasikosee namba hata moja, wasivunjike, wasiumwe na nyuki, na wewe depositi yako imekaa hapo inawaombea dua.

Kuhusu viwango vya dunia, ni vya mtu mmoja mmoja. Uswisi walikuwa na Simone Niggli, dhahabu 23 za mashindano ya dunia, na hata yeye kwenye stafeti anakimbia kipande kimoja tu, vingine wanakimbia wenzake. Angalia yule dhaifu wa timu, sio yule staa. Na mdau wa hapo juu aliyesema wangeleta Wakenya wangemaliza mapema, kaka, ramani ya stafeti ni 1:10,000, sentimita moja ni mita mia, unaisoma huku unaruka magogo kwenye tope. Mbio bila kusoma ni kufika haraka kusikojulikana.

Ya mjini ndo ile stafeti ya sprinti, iliingia mashindano ya dunia 2014, watu wanne, mwanamke anaanza, wanaume wawili katikati, mwanamke anamaliza. Tangu 2019 mashindano ya dunia wameyagawa, miaka ya witiri msituni, ya shufwa mjini. Mjini hakuna vijiti, ila kuna kuta na bustani za watu ambazo kwenye ramani zimechorwa kwamba hazivukwi, ukikatiza tu timu inaweza kufutwa hata baada ya kushangilia. Mi hiyo sijawahi kuigusa na sina mpango.

Alafu uone Mungu alivyo na utani. 2011 mashindano yakaenda Ufaransa kwao, Gueorgiou akashika tena kipande cha mwisho, wakachukua dhahabu mbele ya watu wao. Deni likalipwa kweli kama profesa alivyosema, kachelewa miaka miwili tu. Mi siku hiyo sina hata shilingi, nilikuwa nimeapa, nikakaa naangalia huku nimekunja mikono watu wanadhani naumwa. Bati zilikuwa zimeshapigwa kwa hela ya ovataimu. Kijani.

Ukiona mkono unawasha kabisa, weka kroni hamsini kwa timu moja, singo, usiunganishe na kitu, ukae na wenzako kazini mpige kelele. Depositi mtumie mwenye nyumba leoleo, usingoje kesho, na risiti itupie hapa tuione. Na aliyekupa hilo wazo la timu tatu, maana najua halikuja lenyewe, muulize yeye kaweka wapi. Akianza kucheka njoo nitag.