Maswali ya wafugaji: Bukini ametotoa wawili, mengine kayatelekeza

SWALI: Bata bukini wangu ndiyo mara yake ya kwanza kuatamia. Alilalia mayai 11 bila shida, lakini siku ya 30 vifaranga wawili walipotoka akaondoka nao majanini. Jioni nikakuta mayai mengine yamepoa. Kosa liko wapi? (Mfugaji, Arusha)

JIBU: Kosa kubwa hapo ni mayai kupishana umri. Bukini hutaga takriban kila baada ya siku moja, na yai halianzi kukua mpaka lilaliwe mfululizo. Jike mgeni huwahi kulala kabla hajamaliza kutaga, au wenzake huja kutagia kwenye kiota chake. Vifaranga wa kwanza wakishaanza kulia, hamu ya kuatamia humwisha, anawafuata hao.

Safari ijayo, siku anapotulia kiotani, yawekee mayai yote alama kwa penseli, na yai lolote lisilo na alama litoe jioni ileile. Mwachie 8 tu. Kwa jike mdogo 11 ni mengi mno, ya pembeni hupata baridi. Usiku wa siku ya 10 yamulike kwa tochi gizani: lililo hai lina mishipa myekundu iliyotanda kama utando wa buibui, lililo wazi tupu halina mbegu, litoe. Mayai ya msimu wa kwanza huwa madogo na mengi hayana mbegu, kwa hiyo tunashauri umngoje afikishe miaka miwili.

Vifaranga wakianza kutoka, mtoe wa kwanza akishakauka, umweke kwenye boksi lenye taa, joto la nyuzi 32 hivi. Hatakufa njaa, kiini alichokivuta tumboni kinamtosha siku nzima. Wote wakishatoka, warudishe usiku chini ya bawa la mama. Nenda na mtu wa kumzuia dume, kwani kipigo cha bawa lake kinaumiza kweli.

Na mayai yaliyopoa usiyatupe haraka! Liweke yai sikioni. Ukisikia kulia au kugonga, mpe kuku wa kienyeji anayeatamia, manne yanamtosha, au tumia mashine kwa nyuzi 37.5.

SWALI: Kifaranga katoboa ganda tangu jana asubuhi, nimbandue?

JIBU: Hapana, subiri. Toka tundu la kwanza hadi kutoka huchukua saa 24 hadi 48. Muda huo anamalizia kuvuta kiini, na damu iliyo kwenye utando inarudi mwilini. Ukimbandua mapema atavuja damu afe. Saa 48 zikipita na utando umekauka ukawa wa kahawia, ulowanishe kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha toa vipande vidogo kuzunguka tundu. Ukiona damu, acha saa kadhaa.

Utando hukauka hivyo hewa ya kiotani ikikosa unyevu. Bukini akioga hurudi na manyoya maji, na unyevu huo huyafikia mayai. Mwekee beseni pana karibu na kiota tangu siku ya kwanza.