Maswali yenu kuhusu mabibi wa Seoul

Toleo lililopita niliandika habari za Kim Hak-sun wa Korea Kusini. Tarehe 14 Agosti 1991 mama huyu aliketi mbele ya waandishi wa habari, kwa jina lake na kwa uso wake. Akasimulia kwamba mwaka 1941, akiwa na miaka 17, askari wa Japani walimkamata huko China, wakamfungia katika nyumba ambamo wanajeshi walimnajisi siku baada ya siku. Jeshi lilikuwa na nyumba kama hizo kila lilikopiga kambi, kutoka China hadi visiwa vya Pasifiki. Miezi michache baadaye, tarehe 8 Januari 1992, wanawake walianza kusimama nje ya ubalozi wa Japani mjini Seoul kila Jumatano, kudai haki. Tangu makala hayo yatoke, ujumbe haujakatika kwenye simu yangu, mwingi ukitoka Lamu na Malindi. Majina nimeyaacha, na maswali marefu nimeyafupisha.

Bi, hayo ni ya Wajapani na Wakorea, tena ya zamani. Sisi wa Mambrui yanatuhusu nini?

Vita vile, yaani Vita vya Pili vya Dunia, vilifika hadi majumbani mwetu, ndugu yangu. Vijana wa huku walichukuliwa Keya, jeshi la Mwingereza, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana na Wajapani katika bonde la Kabaw, nchini Burma. Agosti mwaka huohuo, nchini humohumo, Wamarekani walipouteka mji wa Myitkyina waliwakuta wanawake 20 wa Kikorea walioletwa na jeshi la Japani, wakawahoji na kuandika ripoti. Kwa hiyo wakubwa wa Marekani walijua mapema. Vita vilipokwisha majenerali walihukumiwa Tokyo, lakini hakuna aliyepandishwa kizimbani pale kwa kuusimamia mpango wa nyumba zile.

Kuna Mkenya katika habari hii, na nashangaa jinsi tunavyomsahau. Desemba 2000 mashirika ya wanawake yaliitisha mahakama ya umma mjini Tokyo, kwa juhudi za watu kama mwandishi wa habari Matsui Yayori, ambaye mwenyewe alikuwa Mjapani. Wahanga zaidi ya 60 walihudhuria. Majaji walikuwa wanne: Gabrielle Kirk McDonald wa Marekani, Carmen Argibay wa Argentina, Christine Chinkin wa Uingereza, na Willy Mutunga wa Kenya, huyuhuyu aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wetu mwaka 2011. Hukumu kamili ilisomwa The Hague, Desemba 2001. Ilimtia hatiani hata Mfalme Hirohito, aliyekuwa amekwisha kufa na ambaye hakuwahi kushtakiwa akiwa hai. Mahakama ile haikuwa na polisi wala jela. Ilichofanya ni kumsikiliza kila shahidi kwa utaratibu wa sheria na kuyaweka maneno yake kwenye kumbukumbu, jambo ambalo wengi wao hawakuwa wamefanyiwa na serikali yoyote kwa miaka 55.

Na wewe wa Mambrui, mashamba ya kwenu na ya Malindi yalilimwa na watumwa. Sheria ya mwaka 1907 iliyofuta utumwa katika pwani yetu iliwaacha nje masuria mwanzoni. Mwanaume aliyebebeshwa jembe aliweza kudai uhuru wake, na mwanamke aliyewekwa chumbani akaambiwa asubiri. Ukiniuliza mimi, hapo ndipo tunapokutana na mabibi wa Seoul.

Walikuwa wangapi hasa? (Mwanafunzi, Malindi)

Wanahistoria hawakubaliani. Makadirio yanaanzia makumi ya maelfu na kufika 200,000 au zaidi, na nyaraka nyingi zilichomwa Japani iliposhindwa. Walitolewa Korea, China, Taiwan, Ufilipino, Indonesia na kwingineko. Korea Kusini iliwaandikisha rasmi 240, na walio hai leo hawafiki kumi.

Nilisoma kwamba Japani ilikwisha kuomba radhi na ikalipa. Mbona hawatosheki?

Sehemu ya uliyosoma ni kweli, nami sitaificha. Agosti 1993 Yohei Kono, katibu mkuu wa baraza la mawaziri, alikiri kwamba jeshi lilihusika kuanzisha na kuendesha nyumba zile, na kwamba wanawake wengi walichukuliwa bila ridhaa yao, akaomba radhi. Mwaka 1995 ukaundwa mfuko wa kuwafuta machozi, yen milioni mbili kwa kila mmoja. Lakini fedha hizo zilichangwa na raia. Serikali ilitoa za matibabu tu, ikishikilia kwamba kisheria haidaiwi kitu, kwa kuwa mkataba wa mwaka 1965 kati yake na Korea Kusini ulimaliza madai yote. Wengi wa Korea na Taiwan wakazikataa. Mtu aliyekudhulumu akikuletea mchango wa majirani zake, huku yeye akisema hana deni lako, utaupokea?

Desemba 2015 serikali mbili zilitangaza kwamba jambo limekwisha kabisa na halitarudiwa. Japani ilitoa yen bilioni moja. Wengi wa waliokuwa hai walizipokea, na simlaumu ajuza wa miaka 90 kwa kupokea. Wengine walikasirika kwa sababu makubaliano yalifikiwa bila wao kuulizwa, nao ndio wenye jeraha. Mwaka 2018 serikali mpya ya Korea Kusini ikatangaza kuuvunja mfuko uliokuwa ukizigawa.

Wakaenda mahakamani kwao. Januari 2021 mahakama ya Seoul iliamuru Japani iwalipe wahanga 12 won milioni 100 kila mmoja. Miezi mitatu baadaye kesi ya wenzao ikatupwa. Wakakata rufaa, na Novemba 2023 mahakama ya rufaa ikawapa haki. Japani imezikataa hukumu hizo, ikisema dola haishtakiwi katika mahakama za dola nyingine. Kanuni hiyo ni ya kweli na ni ya zamani katika sheria za kimataifa. Mimi naona si halali kuitumia kumzuia mtu aliyefanywa mtumwa, maana akifungiwa na mlango huo hana mwingine wa kubisha.

Wanachodai wamekisema tangu mwanzo: serikali yenyewe ikiri, iombe radhi rasmi, ilipe kama deni la kisheria, na watoto wa Japani wafundishwe habari hii shuleni.

Mwanangu, sisi watu wa Lamu tumelelewa katika stara. Bibi wa miaka 70 kusimama barabarani akataja aliyofanyiwa chumbani ni kujifedhehesha. Kwa nini wasiachwe wakafa na siri zao? (Mzee wa Langoni)

Shikamoo, mzee wangu. Swali lako nimelirudia kuliko mengine yote, kwa kuwa ndilo lililowafunga midomo wanawake wale karibu miaka 50, na ndilo linalowafunga wa kwetu.

Nikupe habari ya Jan Ruff O'Herne, binti wa Kiholanzi aliyezaliwa Java. Mwaka 1944 alitolewa kambi ya mateka akapelekwa katika nyumba mjini Semarang. Wasichana walipewa majina ya maua, na majina yakabandikwa milangoni. Baada ya vita aliolewa, akazaa mabinti wawili, akahamia Australia. Hakupenda kuletewa maua, na wanawe hawakujua sababu. Hadi mwaka 1992, alipowaona mabibi wa Korea kwenye televisheni, ndipo alipowaambia. Mwaka 2007, akiwa na miaka 84, alitoa ushahidi mbele ya wabunge wa Marekani, na Julai mwaka huo Baraza la Wawakilishi likapitisha azimio la kuitaka Japani ikiri na kuomba radhi.

Sasa nakuuliza kwa adabu, mzee: katika miaka ile yote ya kunyamaza, ni nani aliyesitirika? Yeye hakusitirika, maana aliishi na hofu usiku kucha na hakuwa na wa kumwambia. Waliositirika ni askari na wakubwa wao. Nawe ni mjuzi kuliko mimi, unaijua aya ya 148 ya Surat An-Nisaa: Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Ruhusa hiyo amepewa mwenye kudhulumiwa, na sioni sisi tunapata wapi idhini ya kumnyang'anya.

Sisemi kila aliyeumizwa apande jukwaani. Asiyetaka kusema asilazimishwe na mtu, hata na sisi tunaoandika kwa nia njema. Ninachopinga ni mji mzima kumwekea aibu mwanamke na kumwamkia kwa heshima aliyemtenda.

Hawa wa mashirika si wanakula tu kwa jina la wahanga?

Wapo waliokula. Mwaka 2020 Lee Yong-soo, mhanga mwenyewe, alilalamika hadharani kuhusu fedha za shirika kubwa la kuwatetea. Aliyekuwa kiongozi wake alishtakiwa kwa kufuja michango, na Novemba 2024 Mahakama ya Juu ya Korea Kusini ikaidhinisha hukumu ya kumtia hatiani. Ilikuwa haki achunguzwe. Lakini mwaka 2012 wahanga wawili, Kim Bok-dong na Gil Won-ok, walisema wakilipwa fidia na Japani wataitoa kwa wanawake walionajisiwa katika vita vya Kongo. Mfuko ulianzishwa kwa jina la Kipepeo, misaada ikafika Kongo hata kabla ya fidia yoyote. Kim Bok-dong alifariki Januari 2019.

Bi, naandika kutoka Witu. Binti wa jirani yetu alipotea, akarudi na mtoto. Alikuwa ameshikwa na wale wa ng'ambo ya mpaka. Watu wanamwita mke wa magaidi. Nimsaidie vipi?

Mama, pole, na ahsante kwa kuuliza badala ya kusema pamoja nao. Jina hilo si lake. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimhukumu Dominic Ongwen, kamanda wa waasi wa Uganda, mwaka 2021, na miongoni mwa makosa yake ni utumwa wa ngono na kuwalazimisha wasichana waliotekwa kuwa wake wa wapiganaji. Mbele ya sheria, aliyelazimishwa ni mhanga. Ukiwasikia wanaomsema kisimani au harusini, waambie hivyo.

Apelekwe hospitali hata kama muda umepita, Mpeketoni au King Fahd, apimwe na apate mtu wa kuzungumza naye aliyefunzwa kazi hiyo. Kabla hajaandika taarifa polisi, apate wakili, kwa sababu anayerudi kutoka kule huweza kushukiwa yeye. FIDA, chama cha wanasheria wanawake, na MUHURI, shirika la haki za binadamu, wana watu Mombasa wa kumwelekeza. Mtoto apate cheti cha kuzaliwa. Ni haki yake, baba awepo asiwepo. Habari yake isimuliwe mara chache iwezekanavyo, kwa mtu anayeiandika vizuri, na asikubali kupigwa picha na mgeni yeyote anayekuja na kamera.

Haki huchelewa lakini si ndoto. Tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba serikali ilishindwa kuchunguza unyanyasaji wa kingono uliofanywa baada ya uchaguzi wa 2007, ikaamuru wahanga wanne walipwe shilingi milioni nne kila mmoja. Walikuwa wameshtaki tangu 2013. Walioomba walikuwa wanane, wanne wakakosa.

Nambari ya 1195, ya kuwasaidia waliofanyiwa ukatili wa kijinsia, ni ya bure na inapokelewa usiku na mchana. Mpe, na akitaka uwe naye anapopiga, kaa naye.