Barua kwa mwanangu: Baba mdogo wa Uvinza alikuwa nani yako

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma baada ya magharibi, nikaona jambo lenyewe halimaliziki kwenye simu. Umeniuliza marehemu baba mdogo wa Uvinza alikuwa nani yako hasa, na wale watoto wake mna undugu gani. Sababu umenieleza. Ulijaza fomu ya likizo ya msiba ukaandika "baba amefariki", afisa utumishi akakumbuka kwamba wiki ileile ulimwambia unamtumia baba yako dawa Kigoma, akakuita na kukuuliza una baba wangapi. Ukakosa la kumjibu. Siku za msiba ukanyimwa, ukatumia za likizo yako ya mwaka, ukafika Ujiji tanga limeshaanuliwa.

Pole, mama. Limeniuma, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Baba wa babu yako alivuka ziwa akitokea ng'ambo, upande wa Kalemie, enzi hizo Wabelgiji wakiuita Albertville, akaweka makazi hapa Ujiji. Watoto wake waliokua ni watatu: babu yako aliyenizaa mimi, akafuata babu wa Kibirizi, kitinda mimba ni bibi wa Gungu. Marehemu ni mtoto wa babu wa Kibirizi. Kwa hiyo mimi na yeye baba zetu ni tumbo moja, babu yetu mmoja. Wewe na watoto wake mnakutana kwa yule mzee aliyevuka ziwa. Nyote ni vitukuu wake. Ukitaka kumweleza mtu wa ofisini kwa lugha anayoielewa, sema marehemu ni binamu wa baba yako, basi.

Lakini nyumbani hatuhesabu hivyo. Fomu inataka kujua damu iko umbali gani. Sisi tunatazama mtu yuko safu ipi, na kaingiaje hapo, kwa mwanamume au kwa mwanamke. Wote waliozaliwa na babu yako na kaka na wadogo zake wa kiume wako safu yangu: wanaume ni baba zako, wanawake ni shangazi zako. Umri hauna kauli hapo. Yule binti wa Kibirizi aliyezaliwa na mke wa mwisho wa babu, ambaye bado anavaa sare za shule ya msingi, ni shangazi yako kamili. Idi iliyopita ulimwita "mdogo wangu" na wazee wakatazamana. Siku utakapoolewa atakaa kwenye mkeka wa mashangazi na kanga ya shangazi atapewa, hata kama itamfunika mpaka kichwani.

Hata ukubwa na udogo wa hao baba kwetu unafuata baba zao. Marehemu alinizidi umri. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpa shikamoo kila tukikutana, naye akishaitikia marahaba ananiita kaka, mbele za watu, kwa sababu baba yake ni mdogo wa baba yangu. Ziko koo zinazotazama umri wa mtu mwenyewe, na ukiolewa huko ufuate yao bila ubishi.

Sasa watoto wake. Hao ni kaka na dada zako, na usikubali mtu akwambie ni binamu. Binamu ni watoto wa shangazi na watoto wa mjomba. Watoto wa baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu. Najua utaniuliza tofauti iko wapi, maana ulisoma sayansi. Kwenye damu haipo. Ndugu wa baba na mama mmoja hushiriki wastani wa asilimia 50 ya vinasaba, na watoto wa ndugu wawili hushiriki kama asilimia 12.5, awe mtoto wa baba mdogo au wa mjomba, ni ileile. Wewe na watoto wa marehemu mko kama asilimia 3 tu. Tofauti inatokana na ukoo, kwamba huyu ni wa nyumba yetu na yule ni wa nyumba tuliyooa au tuliyooza. Hata mirathi ya dini yetu inaliona hilo: mtoto wa kiume wa baba mdogo yumo katika asaba, yaani ndugu wa kiume wa upande wa baba, na anaweza kurithi ikiwa hakuna aliye karibu zaidi, mtoto wa mjomba hayumo.

Na utani nao unafuata njia hiyohiyo. Binamu yako wa Kasulu, mtoto wa mjomba, anakunyang'anya simu, anakuita mke wangu mbele ya wageni, na watu wanacheka. Kaka yako wa Uvinza akithubutu neno hilo, siku hiyo nyumba haitakalika.

Kwa kuwa umetaja kwamba wenzako wa kazini walianza kubishana kama binamu wanaoana, nikueleze na hilo, ingawa hukuliuliza. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mtu kuoana na babu au bibi, mzazi, mtoto, mjukuu, kaka au dada, mjomba, shangazi, mpwa, na ndugu wa babu na bibi. Binamu hayumo. Dini yetu nayo inaruhusu. Upande wa mama yako ni Wakatoliki, na Kanisa linazuia hadi daraja ya nne kwa ndugu wa pembeni. Mjomba wako wa Kasulu alinihesabia kwa vidole tukiwa barazani kwake: unawahesabu watu wote wa pande zote mbili mpaka kwa mzee mnayekutana, kisha huyo mzee unamwacha. Wewe, mama yako, mjomba, mtoto wa mjomba: wanne. Hapo ndoa haifungwi mpaka askofu atoe ruhusa.

Nikajaribu hesabu yake kwa upande wetu. Wewe, mimi, babu yako. Upande wa pili babu wa Kibirizi, marehemu, mtoto wake: sita. Kwa Kanisa hakuna kizuizi, kwa serikali hakuna, kwa msikiti hakuna. Lakini peleka posa hiyo kwa wazee wa Ujiji uone kama atapatikana hata mmoja wa kuipokea. Atakujibu kwamba hao ni kaka na dada, na kikao kitakuwa kimeisha.

Turudi kwa afisa wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 34, inampa mfanyakazi siku zisizopungua nne zenye malipo akifiwa na mume au mke, mzazi, babu au bibi, mjukuu, kaka au dada, au mtoto wake akiugua au kufariki. Baba mdogo hakutajwa. Kwa hiyo kukunyima aliweza, ila kukuuliza una baba wangapi hakukuwa na heshima kwa mtu aliyefiwa. Na sheria imesema zisizopungua, mwajiri hakatazwi kuongeza. Siku nyingine andika wazi: "binamu wa baba yangu, aliyekuwa mlezi wangu", ambatanisha barua ya mtendaji wa kijiji, uombe kwa hiari yao. Hukudanganya ulipoandika baba, ila fomu ile inamaanisha aliyekuzaa, na ukirudia wanaweza kukuita mwongo.

Mimi naona sheria hiyo ina pengo. Wewe mwenyewe unakumbuka mwaka nilipolazwa, ukawa umechaguliwa kidato cha tano Tabora. Marehemu alipandia treni Uvinza usiku, akakukuta behewani na sanduku lako, akaenda nawe mpaka mlango wa shule. Kwenye fomu yao palikuwa na mstari wa mzazi au mlezi. Alikata neno mlezi kwa kalamu, akaacha mzazi, akaweka sahihi. Nakala ninayo kabatini, na wino umeanza kufifia lakini unasomeka. Shule haikumuuliza ni mzazi wa namna gani. Ada yako ya miaka yote miwili ilitoka kwenye ujira wake wa chumvi.

Mjane wake ni mama mdogo wako, usimwite shangazi kama nilivyokusikia siku ile. Yuko Uvinza, amekaa eda, miezi 4 na siku 10, hatoki. Mpigie mchana, jioni ana wageni. Asikudanganye kwamba hana shida. Muulize hasa mchele na mafuta ya taa.

Kaka yako mkubwa wa pale anakuja Dar es Salaam mwezi ujao kufuatilia mafao ya marehemu. Alitaka kutafuta gesti nikamkatalia, nikamwambia ana dada. Basi la Kigoma linaingia Mbezi usiku, mtume mtu akampokee. Namba yake nakutumia kwa meseji.

Baba yako,
Ujiji