Msiwamalizie hadithi mlangoni

Karibuni, ninyi mnaoanza kazi ya maonyesho hapa Arusha. Mtaambiwa mapema kwamba jumba la makumbusho lisilo na chumba cha filamu mlangoni halijakamilika. Sibishi. Ila sikieni tulipokosea sisi.

Filamu yetu ya kwanza ilikuwa ya dakika 22 na ilisimulia kila kitu kuhusu chimbuko la binadamu: majivu, nyayo, mafuvu, hadi wagunduzi. Wanafunzi walitoka wameshashiba, wakayapita makabati kama watu wanaowahi kifodi, daladala ya hapa kwetu. Mtoto mmoja alifika kwenye nakala ya nyayo za Laetoli, zile za viumbe wa kale waliomtangulia binadamu, zilizopatikana huko kaskazini mwa Tanzania, akamwambia mwenzake, "Hii si tumeshaiona?" Wakaenda kukaa chini ya mti.

Tukakata mpaka dakika 7. Nyayo zile, zilizogunduliwa 1978, zina miaka kama milioni 3.6, na kabati la kioo haliwezi kuonyesha zilivyopatikana: volkano inamwaga majivu, mvua ya rasharasha inayalowesha, viumbe wanapita kwa miguu miwili, yanakauka na kuwa magumu kama saruji, kisha majivu mengine yanafunika. Hiyo ndiyo kazi ya filamu. Sasa inaishia pale mguu wa kwanza unapoinuka. Pazia linafunguliwa, na cha kwanza kuonekana ni nakala yenyewe sakafuni, taa ikiimulika kwa ubavuni ili shimo la kisigino lipate kivuli. Watoto wanachuchumaa, wengine wanavua viatu kupima, bila kuambiwa na mtu.

Hesabu nayo msiidharau. Filamu dakika 7, kuingia na kutoka dakika 8 (atakayewaambia 3 hajawahi kupanga watoto mstari). Hiyo ni mizunguko minne kwa saa. Basi la wanafunzi 65 kwenye viti 30 ni mizunguko mitatu, na kundi la mwisho linasubiri nusu saa juani. Liandalieni kitu cha kushika huko nje.

Waingie mlango huu, watokee ule. Asiyetaka filamu awe na njia yake. Spika ziwe ndogo, karibu na viti, la sivyo mwongoza wageni aliye ukumbini atashindana na volkano siku nzima.

Na umeme, mnaujua. Siku moja ulikatika katikati ya filamu, chumba kimejaa. Mzee wetu wa zamu akawasha tochi ya simu, akaendelea kusimulia gizani. Alipofika kwenye mguu unaoinuka, akanyamaza, akavuta pazia.